Mgonjwa wa Moyo Aulizwe: Tamko la Munje kuhusu Siku za Mwisho

Sisi wanachama wa chama cha wanaouguza wagonjwa majumbani, wakazi wa Munje, Msambweni, Kaunti ya Kwale, tumekaa, tumeshauriana na tumekubaliana kutoa tamko hili mbele ya wananchi wenzetu, Serikali ya Kaunti, Wizara ya Afya, madaktari na wauguzi, masheikh, wachungaji na wazee wa mitaa. Kati yetu wamo akina mama waliouguza waume na wazazi wao, wavuvi, walimu wa madrasa, wahamasishaji wa afya ya jamii na wauguzi waliostaafu. Tunalozungumzia linajulikana katika kila nyumba ila hutamkwa katika chache: mtu ambaye moyo wake umechoka na dawa haziurudishi tena, atafia wapi, mikononi mwa nani, na katika hali gani.

Msimamo wetu ni huu. Mgonjwa aulizwe mapema, akiwa na akili zake timamu na pumzi ya kuzungumza. Jibu lake liheshimiwe. Na popote atakapochagua, nyumbani au hospitalini, asiachwe kuhangaika na pumzi bila dawa na bila mtu anayejua la kufanya.

Wengi wetu tukisikia ugonjwa wa moyo humfikiria mtu aliyeanguka ghafla sokoni. Ugonjwa tunaouzungumzia hauji hivyo. Moyo bado unapiga, lakini hauna tena nguvu ya kusukuma damu inavyotakiwa. Maji hujaa miguuni, kisha tumboni, kisha mapafuni. Ukiubonyeza muundi wa mgonjwa kwa kidole gumba, shimo hubaki. Anachoka kwa kuoga, anachoka kwa kuvaa shati. Usiku akilala chali hubanwa na pumzi, basi huongezwa mto wa pili, wa tatu, mpaka kitanda kinamshinda. Saa tisa usiku utamkuta ameketi barazani, mikono ameiegemeza magotini, anautafuta upepo wa bahari. Jirani anayekwenda kuswali alfajiri humpa salamu akidhani mzee kaamka mapema.

Chanzo kikubwa kwetu ni presha. Utafiti uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2012, ulifuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kazi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Katika nchi tajiri huu ni ugonjwa wa wazee wa miaka 70 na zaidi. Huku unamkuta mtu ambaye bado analipa karo. Kwa asilimia 45 ya wagonjwa hao chanzo kilikuwa presha. Kwa asilimia 14 kilikuwa vali za moyo zilizoharibika kutokana na maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa, ugonjwa ambao penisilini ya bei nafuu ingeuzuia. Miezi 6 haikupita kabla ya karibu asilimia 18 yao kufariki. Utafiti mwingine mkubwa wa mwaka 2017 ulikuta kwamba Afrika mgonjwa 1 kati ya 3 hufariki ndani ya mwaka mmoja, mara mbili ya wastani wa nchi zote zilizohusika. Nasi Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha hata mara moja.

Tunazitaja tarakimu hizi kwa sababu moja. Mtu akiambiwa ana saratani, ukoo mzima huelewa kwamba jambo ni zito. Huulizana, huchanga, humwita kaka aliye Nairobi na dada aliye Oman. Mtu akiambiwa moyo umepanuka, huchukua karatasi ya dawa akarudi shambani. Hata huduma yenyewe imegawanyika hivyo. Tiba shufaa, yaani ile inayomtuliza mgonjwa na kuibeba familia yake pale ambapo ugonjwa hauponi, imejulikana Kenya tangu Nairobi Hospice ilipofunguliwa mwaka 1990, na hapa Pwani tunayo Coast Hospice mjini Mombasa. Lakini mwananchi wa kawaida akiisikia huitafsiri kuwa ni ya saratani. Shirika la Afya Duniani lilipopiga hesabu mwaka 2014 ya watu wazima wanaohitaji huduma hii ulimwenguni, kundi kubwa kuliko yote, karibu 4 katika kila 10, lilikuwa la wenye maradhi ya moyo na mishipa. Saratani ilifuata. Kwa hiyo wengi wanaoihitaji huduma hii hawaambiwi hata kwamba ipo.

Sasa tueleze linavyokwenda kwetu. Mara ya kwanza mgonjwa hupelekwa hospitali amevimba, hawezi kumaliza sentensi. Huchomwa sindano ya kutoa maji, hukojoa usiku kucha, na baada ya siku chache hutoka kwa miguu yake. Nyumbani husomwa dua ya shukrani. Miezi inapita, hali inarudi, anapelekwa tena, anatoka tena. Kila anaporudi anarudi pungufu kidogo ya alivyokuwa, lakini anarudi, na hapo ndipo ulipo ugumu wa maradhi haya. Saratani mara nyingi huteremka mteremko unaoonekana. Moyo hupanda na kushuka, na kwa kuwa ameshapona mara nne, hakuna anayejua kwamba ya tano ndiyo ya mwisho. Mtu ameugua miaka miwili na bado kifo chake kinawakuta watu hawajajiandaa.

Basi usiku wa mwisho unakuwa usiku wa mbio. Inaitwa bodaboda. Mgonjwa huwekwa katikati, mshikaki, mwanawe nyuma amemkumbatia asianguke, na mwendo ni wa barabara ya vumbi mpaka lami ya Lungalunga. Mtu asiyeweza kuvuta pumzi akiwa amekaa juu ya mito anabanwa kifua baina ya watu wawili. Wanaofika hospitali ya rufaa ya kaunti pale Msambweni hupokewa. Wengine huambiwa ni lazima Mombasa, na hapo familia huanza kupiga hesabu ya gari, ya kivuko cha Likoni au njia ya Dongo Kundu, na ya nani atabaki na watoto. Wapo wanaokata roho ndani ya gari. Wapo wanaofia wodini wakati jamaa wako nje ya geti wakingoja saa ya kuona wagonjwa, kalima ya mwisho haikusikiwa na yeyote aliyewapenda. Na wapo wanaotolewa hospitali kwa haraka katika siku ambayo walistahili kutulizwa palepale, kwa sababu familia inaogopa bili kuongezeka na inaogopa zaidi maiti kuzuiliwa. Tunawakumbusha wote kwamba Mahakama Kuu mjini Mombasa iliamua tangu mwaka 1998 kwamba maiti si mali na haiwezi kushikwa kama dhamana ya deni la hospitali. Uamuzi huo ubandikwe ukutani katika kila hospitali ya Pwani, ya umma na ya binafsi, kwa Kiswahili, mahali pa kusomeka.

Matangani husemwa kwamba marehemu alijaliwa kufia kwake. Ni kweli wengi wetu tungetamani hivyo: kusikia sauti za wajukuu uani, kulakiniwa shahada na mtu anayetujua, kuelekezwa kibla bila pupa, na kwa jirani zetu Wakristo, kuombewa na kuimbiwa na watu wa kanisa lao. Lakini chama hiki hakitasema kwamba nyumbani ni bora kila mara. Tumekesha na watu waliokufa nyumbani bila msaada. Tumeona kifua kikikoroma, povu midomoni, macho yamemtoka mtu kwa hofu, watoto wamesongamana mlangoni, na dawa pekee iliyokuwamo chumbani ni mafuta ya kuchua. Kifo hicho hakipati heshima kwa kuwa tu kimetokea juu ya kitanda cha marehemu mwenyewe.

Wala hospitali si mahali pa aibu. Yuko mjane anayeishi peke yake, ambaye wodi ndiyo yenye watu wa kumshika mkono. Yuko baba asiyetaka wanawe wadogo wamwone akihangaika. Familia inayomwacha mgonjwa wodini mpaka mwisho kwa ombi lake haijamtupa, na wanaosema hivyo msibani wanaongeza kidonda juu ya kidonda. Tunachokipinga ni kwamba leo, mahali mtu anapofia panaamuliwa na kama bodaboda ilipatikana, kama kulikuwa na pesa siku hiyo, na kama stima ilikuwapo. Mwenyewe hakuulizwa.

Nyumba haihitaji kugeuzwa hospitali ili mgonjwa wa moyo amalizie ndani yake siku zake kwa utulivu. Inahitaji mambo machache, na mengi tunayaweza. Kwanza ni mizani. Mgonjwa anayepimwa uzito kila asubuhi, baada ya haja na kabla ya chai, hugundulika mapema maji yanapoanza kurudi: akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 2 au 3, si kunenepa huko, ni maji, na muuguzi aarifiwe siku hiyohiyo ili dawa ya kutoa maji irekebishwe kabla usiku wa mbio haujafika. Serikali ilipowapa wahamasishaji wa afya ya jamii mikoba yao mwaka 2023 iliweka mizani na mashine ya presha ndani yake. Vifaa hivyo vitumike kwa wagonjwa wa moyo waliotoka hospitali, kwa ratiba, wala visingoje kampeni.

Pili ni chumvi, na hapa lazima tuseme wazi jambo linalotugusa sisi watu wa bahari. Papa mkavu na ng'onda ndivyo vitoweo vyetu vya siku ya dhiki na siku ya raha. Mgonjwa wa moyo akila mchuzi wa papa jioni, maji humjaa usiku. Anayepika ampikie samaki mbichi kwa ndimu, tangawizi na pilipili, na asiambiwe kwamba anamnyima mzee kitu roho inapenda. Lakini tuongeze hili pia, maana limetuumiza kuona wagonjwa wakinyimwa kila kitu mpaka dakika ya mwisho: siku zikibaki chache kabisa, na mwenyewe akitamani kuonja, aonjeshwe. Sharti la chumvi liliwekwa ili aishi vizuri, na muda wake unaweza kwisha. Maji nayo, kama daktari amempangia kiasi kwa siku, basi chai, uji na kombe la kisomo vihesabiwe humo. Hatumkatazi mtu kisomo chake. Tunaomba tu kikombe kiwe kidogo.

Tatu ni dawa za maumivu za dukani. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hununuliwa kama peremende kwa ajili ya mgongo na magoti, huzuia maji mwilini na huzidisha ugonjwa huu. Wapo waliolazwa tena kwa sababu ya vidonge hivyo, na aliyewauzia hakujua. Wenye maduka ya dawa wamuulize mteja kama ana maradhi ya moyo kabla ya kumpimia.

Na nne ni dawa ya pumzi yenyewe. Hapa ndipo tunapoiomba serikali isikilize zaidi.

Pumzi inapokatika mwishoni, yapo mambo ya mikono: kumkalisha mgonjwa ameegemea mbele juu ya mito, kufungua madirisha, kumpepea usoni kwa upepeo wa ukindu, kuondoa msongamano wa watu chumbani. Upepo usoni humpa mtu nafuu ya kweli, na madaktari wenyewe huufundisha. Lakini hufika wakati hayo hayatoshi, na hapo dawa inayojulikana ulimwenguni ni mofini ya maji ya kunywa, kwa kiasi kidogo. Haitibu moyo. Humpunguzia mgonjwa ile hisia ya kuzama, akalala saa kadhaa, akameza vijiko viwili vya uji, akazungumza na mwanawe mpaka mwisho wa sentensi. Ina masharti yake. Hufunga choo, hivyo huambatana na dawa ya kulainisha. Kwa mwenye figo dhaifu kipimo hupunguzwa na mtabibu. Dawa ya kutoa maji haiachwi kwa sababu ya mofini. Mofini imo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani, na imo katika orodha ya Kenya. Bado familia ya Munje ikiihitaji usiku, haiipati Munje.

Tunaijua hofu iliyopo. Pwani hii imeumizwa na heroini, kuanzia Likoni mpaka Ukunda, na mzazi aliyempoteza mwana kwa unga ana haki ya kushtuka akisikia jina la dawa ya jamii hiyohiyo ikiingia nyumbani mwake. Tunamwambia kwa upole: mgonjwa anayepewa mofini kwa kipimo cha mtabibu, kwa sababu ya pumzi au maumivu, hapewi ulevi na wala haharakishwi kufa. Chupa iandikwe jina lake, ifungiwe, na ikibaki irudishwe. Masheikh na wachungaji tunawaomba waliseme hili mimbarini, kwa sababu likisemwa na muuguzi peke yake halitoshi.

Jirani zetu Uganda wametuonyesha kwamba inawezekana. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 akianzia na mofini ya maji iliyochanganywa kutokana na unga, kwa gharama ndogo. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika wenyewe, bila kumngoja daktari ambaye kijijini hayupo, na mgonjwa huipata bila malipo. Tunaiomba Wizara ya Afya na Bunge la Kenya wafungue njia ya namna hiyo, ili muuguzi wa zahanati aliyefunzwa aweze kuandika kipimo, na zahanati iweze kuitunza dawa kwa kufuli na daftari. Kenya ilikubali azimio la Mkutano Mkuu wa Afya Duniani la mwaka 2014 linalotaka tiba shufaa iwe sehemu ya huduma za kila siku, na inayo sera yake ya tiba shufaa ya 2021 hadi 2030. Sera hiyo ifike mpaka kwenye rafu ya dawa.

Tumesema mgonjwa aulizwe. Tunajua ni rahisi kutamka. Daktari ana foleni ya watu mlangoni na hana dakika ishirini. Familia humvuta kando na kumwambia: usimwambie, atakata tamaa. Mgonjwa naye amenyamaza ili asiwaogopeshe watoto. Hivyo watu watatu wanaojua jambo moja hukaa chumba kimoja wakizungumzia hali ya hewa. Watafiti wakiongozwa na Daktari Kellen Kimani, waliorudi mara kwa mara kuzungumza na wagonjwa wa moyo nchini Kenya na kuchapisha waliyoyasikia mwaka 2018, walikuta wagonjwa ambao hawakuelezwa vya kutosha ugonjwa wao ni nini na utawapeleka wapi, huku gharama zikiwaelemea wao na nyumba zao. Sisi hatukushangaa.

Kuzungumzia kifo si kumtabiria mtu wala kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Dini yetu imeuhimiza wosia, na imewataka watu walipe madeni na waombane radhi wangali hai. Mzee aliyeambiwa kweli hupata nafasi ya kutaja deni la mashua, kumaliza ugomvi wa mpaka wa shamba la minazi, kusema ni nani atamlea mjukuu na nani amsalie. Aliyefichwa hufa na hayo yote kifuani, na tunajua kesi za ardhi zinazotokana na kimya hicho. Pendekezo letu ni jepesi kukumbuka: mgonjwa wa moyo akilazwa mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, kabla ya kuruhusiwa akae na mtabibu na mtu mmoja wa familia aliyemchagua yeye, aelezwe kwa lugha anayoielewa, Kiswahili au Kidigo, kisha aulizwe maswali matatu. Anafahamu nini kuhusu ugonjwa wake? Anaogopa nini zaidi? Hali ikizidi, angependa awe wapi? Majibu yaandikwe katika karatasi anayotembea nayo, na akibadili mawazo iandikwe upya. Mtu hubadili mawazo pumzi inapombana, na hilo nalo ni haki yake.

Karatasi hiyo itasaidia pia baada ya kifo. Kwa sheria ya kusajili vizazi na vifo, anayefia nyumbani huandikishwa kwa naibu wa chifu ndipo kibali cha kuzika kitolewe. Naibu wa chifu si mtabibu. Huandika anayoambiwa, kwamba alikuwa na kifua, alikuwa na pumzi, alikuwa amevimba. Kwa Waislamu wanaozika siku hiyohiyo, mahojiano ya nini kimemuua ni mateso mlangoni mwa wafiwa. Barua ya hospitali inayotaja maradhi ya mgonjwa na kwamba yalikuwa yamefika hatua za mwisho itaharakisha kibali, na itafanya vifo vya moyo vihesabiwe kwa jina lake. Leo vingi vinapotea katika maneno ya jumla, kisha kaunti inapanga bajeti kwa kutazama vitabu visivyo na watu hao ndani yake.

Tunawageukia sasa wanaouguza. Karibu wote ni wanawake: mke, binti, mkaza mwana. Yeye ndiye anayemgeuza mgonjwa, anayeosha mashuka usiku, anayepima dawa ya asubuhi wakati kuni zinaungua jikoni. Ameacha kusuka makuti, ameacha kibanda chake cha mahamri, ameacha kibarua cha hoteli Diani. Hakuna anayemuuliza amelala saa ngapi. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani tarehe 1 Oktoba 2024, inalipia kitanda cha wodini. Tunaitaka ilipie pia muuguzi anayemfuata mgonjwa wa hatua za mwisho nyumbani, na iwatangazie wananchi waziwazi ni huduma gani za tiba shufaa zinazolipiwa na katika vituo gani. Ziara moja ya muuguzi kwa wiki ni nafuu kuliko siku nne za kulazwa, na kwa mama aliyekesha siku kumi ni zaidi ya nafuu.

Serikali ya Kaunti ya Kwale, ambayo kwa Katiba ya mwaka 2010 ndiyo yenye jukumu la hospitali na zahanati zetu, tunaiomba iunde kikosi kidogo cha tiba shufaa chenye makao Msambweni: muuguzi aliyefunzwa, tabibu, na pikipiki au gari la kuzunguka vijijini, Munje, Bodo, Ramisi na hata Funzi kunakofikiwa kwa mashua. Kikosi hicho kiwachukue wagonjwa wa moyo, wa figo na wa kiharusi sawa na wa saratani. Ambulensi iliyomleta mgonjwa iruhusiwe kumrudisha kwake pale anapoomba kwenda kufia nyumbani, ili asirudi katika gari la kukodi akiwa ameegemea kioo. Na wodini, mgonjwa aliyefika ukingoni awekewe pazia, na mtu mmoja wa familia aruhusiwe kukaa naye saa zote, usiku na mchana. Hilo halihitaji bajeti wala kibali cha Nairobi. Linahitaji mlinzi wa geti aelezwe.

Watakaosema kwamba kijiji hakiwezi kazi hii tunawaelekeza ng'ambo ya bahari hii hii. Huko Kerala, India, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 majirani wa kawaida wamefunzwa kuwatembelea wagonjwa wa namna hii majumbani, kila mtaa na kikundi chake, wauguzi wakiwa nyuma yao, na mwaka 2008 serikali ya jimbo hilo ikaifanya sera. Walioianza hawakuwa matajiri kuliko sisi kwa kiasi cha kututisha.

Kwa upande wetu, chama kinajifunga kwa haya. Tutawatoa wanachama walio tayari kufunzwa na wauguzi wa Msambweni namna ya kumkalisha mgonjwa, kupima uzito, kutambua dalili za hatari na kutunza daftari la dawa. Tutakuwa na mito, mizani na viti vya kuegemea vya kuazimana, nyumba moja inapomaliza vihamie nyingine. Tutapanga zamu za usiku, ili anayeuguza alale walau siku mbili katika wiki. Na baada ya maziko tutaendelea kupita katika nyumba hiyo, kwa kuwa mjane wa mgonjwa wa moyo aliyekesha miaka miwili naye huwa na presha isiyopimwa.

Nakala za tamko hili zinawasilishwa kwa Idara ya Afya ya Kaunti ya Kwale, kwa uongozi wa hospitali ya rufaa ya kaunti Msambweni, kwa wawakilishi wetu katika Bunge la Kaunti na Bunge la Taifa, kwa ofisi ya chifu, na kwa misikiti na makanisa ya eneo letu, tukiomba lisomwe kwa sauti. Tunaomba jibu la maandishi, na tunaomba kikao cha ana kwa ana hapa Munje, ili wanaouguza wahudhurie bila kuwaacha wagonjwa wao mbali.

Limetolewa Munje, Msambweni, Kaunti ya Kwale, kwa niaba ya wanachama wote.